Kikombe Kilichowekwa Dirishani

Nilifika Nachingwea bila kupiga simu. Basi dogo la kutoka Masasi lilinishusha saa nane mchana, nikachukua bodaboda hadi kijijini kwa bibi. Watu wote walikuwa shambani wanapalilia, mlango umerudishiwa tu. Bibi alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha kamba, vilevile alivyolazwa asubuhi. Maji yalikuwepo, kwenye kikombe chekundu cha plastiki kilichowekwa dirishani, hatua mbili kutoka mkono wake ulipoishia. Bibi wakati huo alikuwa hawezi hata kujigeuza.

"Maji yapo, mjukuu wangu," aliniambia, akiwatetea wanaomwangalia kabla sijauliza lolote.

Nikamnywesha, kisha nikafunua shuka. Kisigino cha kushoto kilikuwa cheusi kuliko ngozi iliyokizunguka, kigumu, na ukikigusa kina joto. Hicho ni kidonda cha kulalia ambacho bado hakijafumuka. Kwenye ngozi zetu hakianzi kwa wekundu kama vitabu vingi vinavyosema, na ndiyo maana mwangalizi asiyefundishwa hukipita kila siku bila kukiona.

Hakuna aliyemtesa bibi. Binti wa ukoo aliyekuwa akimwangalia alimpikia na kumwogesha, kisha akaenda kulima, maana naye ana watoto wa kulisha. Mimi nilikuwa natuma hela kwa simu kila mwezi na kupata jibu lile lile: bibi hajambo. Nililipokea jibu hilo miezi minane bila kwenda kuona.

Kusini tuna historia ndefu ya vijana kuondoka. Jina lenyewe la wamachinga linatajwa kuwa limetokana na Machinga, hukohuko Lindi, kwa sababu ya vijana waliokwenda Dar es Salaam kutembeza bidhaa. Walioachwa Nachingwea na Ruangwa ni wazee, baadhi yao wakiwa watoto wadogo wakati Waingereza walipoleta matrekta ya mradi wa karanga mwishoni mwa miaka ya 1940. Sasa wamefika umri wa kushikwa mkono, na wa kuwashika yuko Mbagala, huko Dar es Salaam.

Kwa hiyo swali la mzee tumweke wapi linaulizwa kila msiba na kila harusi. Serikali ina makazi ya wazee wasiojiweza, kama Nunge kule Kigamboni, Kolandoto Shinyanga na Fungafunga Morogoro. Zanzibar yako ya Sebleni na Welezo. Lakini Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia mbele, na makazi yakawa kimbilio la mwisho kwa asiye na mtu. Familia nyingi za huku, basi, hazichagui nyumba ya wazee. Zinachagua kati ya dada aliyebaki kijijini, mjukuu aliyemaliza darasa la saba, msichana wa kazi wa kulipwa, au kumhamishia mzee chumba cha kupanga mjini asikomjua jirani hata mmoja.

Nionavyo mimi, popote utakapochagua, kipimo ni kilekile: kwenda bila taarifa na kuona mwenyewe. Marekani ilipotunga sheria ya kurekebisha nyumba za wazee mwaka 1987, baada ya kelele nyingi kuhusu wazee waliofungwa kwenye viti na kuoza mgongo, moja ya haki zilizoandikwa ni ya mzee kutembelewa na ndugu zake. Uingereza nako wakaguzi huweza kuingia bila taarifa, na ripoti zao hutangazwa kila mtu asome. Wenzetu wamejifunza kwa uchungu kwamba mgeni aliyetarajiwa hufagiliwa uwanja. Nenda saa ya chakula, uone kama anayetetemeka mikono analishwa au sahani inawekwa mbele yake na kuondolewa ikiwa imejaa. Uliza usiku nani yupo, na akiita nani anasikia. Omba dakika chache za kukaa na mzee peke yenu. Anayekuzuia amekwisha kukujibu.

Mwili wa mzee haudanganyi. Asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa mara kwa mara, kila saa mbili hivi, na mahali pa kutazama ni visigino, nyonga na pale juu ya makalio. Kiu ya mzee hupungua, kwa hiyo asiyeomba maji siyo kwamba hana haja nayo. Na aliyekuwa na akili zake juzi, leo anakuita jina la marehemu, usiseme ni uzee tu. Huenda amekaukiwa maji au ana maambukizi ya mkojo, na ni mgonjwa wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Kuna utelekezaji mwingine ambao huku tunaujua vizuri lakini tunauona aibu kuutaja. Mzee ana mikorosho yake. Kabla msimu haujafika, sabuni imekwisha na sukari hakuna, anakuja mlanguzi wa kangomba na kumpa vishilingi kwa korosho ambazo bado ziko mtini. Au korosho zinafika ghalani salama, malipo yanaingia benki, na kadi ya benki anayo mtoto wa mjomba. Mzee analala njaa mwezi Desemba, mwezi wa hela. Ukikagua nyumba anayoishi, kagua na kitabu chake cha mauzo ya korosho. Ukiona mambo hayaendi, ofisi ya mtendaji wa kijiji ipo, baraza la wazee lipo, na halmashauri ina afisa ustawi wa jamii. Kumshitaki ndugu ni kugumu. Kumzika mzee mwenye mgongo uliooza ni kugumu zaidi, nami nimeona watu wakifanya hivyo na kisha kuchinja ng'ombe wa arobaini.

Bibi alipona kisigino. Tulikubaliana na yule binti kwamba sehemu ya hela ninayotuma ni mshahara wake, asilazimike kwenda shambani siku zote, na jirani mmoja akakubali kupita saa sita kumgeuza na kumnywesha. Kikombe kilihamia kwenye kigoda kando ya kitanda.

Tarehe 1 Oktoba ni Siku ya Wazee Duniani, na ndipo msimu wa korosho nao unapoanza. Wengi mtakwenda nyumbani kufuata mavuno. Msipige simu kwanza. Na mkifika msiishie barazani kwenye salamu na soda: ingieni chumbani, mfunue shuka, mtazame visigino.