Faini ya Kupita Gari Vibaya: Kosa la Nani, Pesa ya Nani?



Barabara kuu namba 3 (RN3) inafuata ziwa kutoka Bujumbura kwenda Rumonge na Nyanza-Lac, kisha inaendelea mpaka Mugina kwenye mpaka wa Tanzania. Kamyo za mafuta ya mawese, mabasi, pikipiki, baisikeli zenye madumu na watu wa miguu, wote wanagawana lami hiyo moja. Kwa sababu hiyo wajumbe wa chama wanaulizwa swali hili: dereva wa kampuni akiandikiwa faini, yaani amandi, kwa kupita gari lingine mahali pasiporuhusiwa, kosa ni la nani, na pesa itoke mfuko gani? Tulieleze jambo hili hatua kwa hatua.

KOSA LENYEWE NI NINI

Katika Burundi tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo gari la mbele hupitwa upande wa kushoto. Kulipita gari si kosa. Kosa ni kulipita pale ambapo huoni mbali, au ambapo utamziba mwingine. Sehemu hizo kila dereva alifundishwa kabla ya kupewa perimi: kwenye kona, karibu na kilele cha mlima, kwenye njia panda, mahali watu wanapovukia, na penye mstari mweupe usiokatika. Mstari uliokatika-katika unakuruhusu kupita kama njia ni nyeupe. Mstari mzima ni ukuta. Tena, usilipite gari ambalo nalo limeanza kupita lingine, wala usimpite mwenye baisikeli kwa kumsukuma mtaroni.

Hapa kwetu kuna shida moja zaidi. Magari mengi yana usukani upande wa kulia, kwa kuwa yalitengenezwa kwa nchi zinazoendesha kushoto, kama Japani na Tanzania. Dereva wa gari hilo, akiwa nyuma ya kamyo, haoni kinachokuja mbele mpaka atoe karibu gari zima nje ya mstari wake. Huyo anatakiwa kukaa mbali zaidi na kamyo, siyo kuisogelea.

HESABU YA KUPITA

Tufanye hesabu kidogo. Kamyo inakwenda kilomita 50 kwa saa. Basi nyuma yake linakwenda 70. Basi linaanza mita 20 nyuma ya kamyo, na linarudi upande wake likiwa mita 20 mbele. Ukijumlisha urefu wa magari yote mawili, tuseme mita 10 kila moja, basi linapaswa kuizidi kamyo kwa mita 60. Kwa tofauti ya kilomita 20 kwa saa, kazi hiyo inachukua karibu sekunde 11. Katika sekunde hizo basi limekwenda mita 210 na zaidi. Gari linalokuja kutoka mbele, nalo likiwa na mwendo wa 70, limekwenda vilevile. Maana yake, unahitaji zaidi ya mita 420 zilizo wazi kabisa. Ni kona gani kati ya mlima na ziwa inayokuonyesha mita 420?

Na faida yake je? Kutoka Bujumbura hadi Rumonge ni zaidi ya kilomita 70. Kwa kilomita 70 hizo, mwenye kwenda 50 kwa saa anatumia dakika 84. Mwenye kwenda 60 anatumia dakika 70. Ubishi wote wa njiani unaleta dakika 14. Dakika 14 hazifai kubadilishwa na mtu aliyekaa juu ya mzigo nyuma ya kamyo.

Shirika la Afya Duniani lilihesabu watu milioni 1.19 waliokufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021. Zaidi ya nusu ya wanaokufa hivyo ni watu wa miguu, wa baisikeli na wa pikipiki. Hao ni sisi, tunapokwenda shambani na kiwandani asubuhi.

UKIANDIKIWA KARATASI

Kwanza, simama, zima gari, sema kwa heshima. Pili, soma karatasi kabla ya kuondoka: tarehe, saa, mahali, namba ya gari, na kosa lililoandikwa. Kama hukubaliani na kosa, sema hivyo pale pale bila matusi, na andika majina ya waliokuwa nawe garini. Tatu, lipa kwa njia iliyoandikwa, na uchukue risiti. Pesa iliyotoka mkononi kwenda mkononi bila karatasi si faini. Hukulipa deni lako, na kesho huna cha kuonyesha.

NANI ALIPE

Perimi ina jina la dereva, na mbele ya polisi anayejibu ni aliyeshika usukani. "Tajiri alisema niwahi" si jibu linalofuta kosa. Lakini mambo hayaishii hapo. Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unasema mshahara hukatwa tu kwa masharti yaliyowekwa na sheria ya nchi, mapatano ya pamoja, au uamuzi wa usuluhishi. Kwa hiyo tajiri akitaka kukata faini kwenye mshahara, mwombe aonyeshe kwa maandishi ni kifungu gani kinamruhusu. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Ipeleke kwa mjumbe wako, muisome pamoja na Sheria ya Kazi ya Burundi ya tarehe 24 Novemba 2020.

Dawa kubwa zaidi iko kabla ya safari. Saa ya kamyo kuondoka na saa ya kufika ziandikwe, na zilingane na barabara ilivyo, pamoja na mvua na msongamano wa sokoni. Mzigo ukichelewa kupakiwa, saa ya kufika nayo isogezwe, na aliyechelewesha aandikwe. Dereva akiwa na karatasi hiyo mfukoni, hana sababu ya kukimbizana na kona, na tajiri hana njia ya kumtupia lawama peke yake. Jambo hili lipelekwe katika mkutano ujao wa kila kiwanda na kila shamba la michikichi, na madereva wawe wa kwanza kusema.