Vyuma vya meno: Jinsi jino linavyohamishwa bila kung'olewa

MZAZI anayempeleka mwanawe kuwekwa vyuma vya meno aghalabu huuliza mambo mawili: vitagharimu pesa ngapi na vitaondolewa lini. Ni nadra kwake kuuliza swali la msingi zaidi: jino lililozamisha mizizi katika mfupa wa taya linahamishwaje bila kung'oka?

Siri ni kwamba jino halikugandamana na mfupa. Kati ya mzizi na taya kuna utando wa nyuzinyuzi, mwembamba usiofikia hata nusu milimita, ambao hulishikilia jino na kupokea kishindo cha kutafuna. Jino likisukumwa kwa nguvu ndogo isiyokoma, utando huo hubanwa upande mmoja na kuvutwa upande wa pili. Palipobanwa, chembechembe maalum za mwili humega mfupa. Palipovutwa, chembechembe nyingine hujenga mfupa mpya. Jino basi husogea polepole, takriban milimita moja kwa mwezi.

Ndiyo sababu matibabu huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na pengine zaidi. Wapo wanaomsihi daktari akaze waya ili kazi iishe upesi. Hilo ni kosa. Nguvu ikizidi, damu hushindwa kupita katika utando, jino hukwama, na mzizi wenyewe huweza kulika ukafupika. Mzizi uliofupika haukui tena.

Vyuma vyenyewe ni vifungo vidogo vinavyobandikwa kwa gundi kwenye kila jino, kisha waya mmoja hupitishwa ndani ya vifungo vyote. Kifungo ni mshikio tu. Mfanyakazi hasa ni waya. Ule wa mwanzo mara nyingi ni wa mchanganyiko wa nikeli na titani, ambao ukipindwa kufuata meno yaliyopotoka hung'ang'ania kurudia umbo lake, na katika kurudi huko huyavuta meno pamoja nao. Kila baada ya wiki nne hadi nane mgonjwa hurejea kliniki kurekebishiwa. Vifuniko vya plastiki inayopenya nuru, vilivyoanza kutumiwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990, hufuata kanuni hiyo hiyo, ila humtaka mgonjwa mwenye nidhamu: visipovaliwa kama saa 22 kwa siku, havifui dafu.

Si kila meno yasiyolingana ni maradhi. Mwanya wa meno ya mbele, kwa mfano, umesifiwa na watu wa Afrika Mashariki tangu jadi, na hakuna sababu ya kuuziba ikiwa mwenyewe anaupenda. Lakini meno ya juu yaliyochomoza mno huvunjika kwa urahisi mtoto anapoanguka; yaliyosongamana ni magumu kusafisha; na taya zisizokutana sawasawa huweza kuyala meno au kumzuia mtu kutafuna vizuri.

Kiini cha msongamano huo mara nyingine ni uamuzi wa nyumbani. Wazazi wengi huona si hasara jino la utotoni likioza na kung'olewa mapema, kwani "litaota jingine". Gego la utotoni, hata hivyo, ndilo linalolitunzia nafasi jino la ukubwani. Likiondoka kabla ya wakati, majirani zake huinamia pengo, na jino jipya linapokuja hukuta mlango umefungwa. Mtoto anayeendelea kunyonya kidole meno ya ukubwani yanapoanza kuota, yapata miaka sita, naye hujisukumia meno ya mbele nje.

Wataalamu hushauri mtoto akaguliwe akiwa na umri wa miaka saba hivi, ingawa vyuma huwekwa zaidi kati ya miaka 10 na 14. Watu wazima pia hutibiwa, mradi fizi na mfupa ni vizima. Kabla ya chochote, picha za eksirei hupigwa na meno yaliyooza huzibwa. Penye msongamano mkubwa, daktari huenda akang'oa meno kadhaa ili kupata nafasi.

Hapa ndipo matapeli wanapoleta hatari. Anayebandika vyuma "vya urembo" saluni au nyumbani hana eksirei wala hajui ni nguvu kiasi gani mzizi unaweza kustahimili. Nchini Kenya, jina la daktari yeyote wa meno linaweza kutafutwa katika sajili ya baraza la KMPDC, iliyo wazi kwa umma mtandaoni. Ni vyema kuhakikisha kabla ya kulipa hata shilingi.

Aliyevaa vyuma apige mswaki kila baada ya mlo, maana chakula kikikwama pembeni mwa vifungo huacha madoa meupe ambayo ni mwanzo wa kuoza. Miwa, mahindi ya kuchoma na mifupa huvibandua vifungo.

Vyuma vikishaondolewa, mfupa mpya bado ni laini na nyuzinyuzi zilizonyooshwa hutaka kulirejesha jino lilikotoka. Kwa hivyo daktari humpa mgonjwa kifaa cha kuyazuia meno, cha kuvaliwa usiku kwa miaka mingi, au hubandika waya mwembamba nyuma ya meno ya mbele. Gharama ya kifaa hicho iulizwe tangu siku ya kwanza, kwani baadhi ya kliniki huitoza kando.