Kwa nini maktaba za mitaa ya Nairobi zimeanza kualika shamrashamra

KWA zaidi ya miongo miwili baada ya kufunguliwa mwaka wa 1931, Maktaba ya McMillan jijini Nairobi haikuwa mahali pa Mwafrika. Jengo hilo la nguzo za mawe lililo kando ya barabara ya Banda, karibu na Msikiti wa Jamia, lilijengwa kwa kumbukumbu ya Sir William Northrup McMillan kwa juhudi za mjane wake, Lady Lucie McMillan. Waliopanda ngazi zake kwenda kusoma walikuwa Wazungu.

Halmashauri ya Jiji ilichukua usimamizi wake mwaka wa 1962. Hatimaye huduma zikavuka katikati ya jiji na kufika mitaa ya Kaloleni na Makadara, ambako wafanyakazi waliishi na familia zao.

Kaloleni haikuchaguliwa kwa bahati. Mtaa huo ulijengwa katika miaka ya 1940 kwa ajili ya Waafrika, na ukumbi wake ulivuma sana kwa mikutano ya siasa hata ukabandikwa jina la baraza la chini la Bunge la Uingereza. Maktaba katika mtaa kama huo ilikuwa ndugu ya ukumbi.

Lakini miaka ilivyosonga, paa zikavuja na vitabu vikazeeka bila vipya kuletwa. Mwaka wa 2017, mwandishi Wanjiru Koinange na mchapishaji Angela Wachuka walianzisha shirika la Book Bunk, ambalo baadaye liliafikiana na Serikali ya Kaunti ya Nairobi kuzikarabati maktaba hizo tatu. Kaloleni ilitangulia, ikafunguliwa upya mwaka wa 2020.

Kukarabati maktaba si sawa na kuipaka nyumba rangi. Fundi hawezi kugusa ukuta kabla rafu hazijaondolewa, na rafu haziondoki kabla vitabu havijatolewa. Kila kitabu hupanguswa vumbi na kuandikwa katika orodha. Kilicholiwa na mchwa hutengwa, kilicholegea jalada hupelekwa kushonwa. Hapo ndipo ukweli hujitokeza: vitabu vilivyodhaniwa vipo havipo, na vingine ambavyo hakuna aliyevikumbuka vimelala chini ya rundo. Orodha ikikosewa wakati wa kuhamisha, kitabu kikirudishwa mahali pasipo pake ni sawa na kilichoibwa.

(Yapo maktaba yasiyosumbuliwa na kuta. Tangu mwaka wa 1996, Huduma ya Maktaba za Kitaifa imekuwa ikiwapelekea wafugaji wa Garissa vitabu kwa ngamia, ilianza na watatu, na kila safari ilikuwa kuhama.)

Swali gumu huja baada ya milango kufunguliwa. Maktaba yaliyozoeleka nchini ni ya kunyamaza: mwanafunzi huja na madaftari yake, hukalia kiti hadi jioni, na pengine asiguse kitabu hata kimoja cha rafuni. Si kosa lake. Katika nyumba ya chumba kimoja, ambamo redio, jiko na watoto wadogo hugawana nafasi, meza tupu yenye taa ni neema.

Sasa maktaba hizo huandaa pia usimulizi wa hadithi kwa watoto, maonyesho ya filamu, muziki na mazungumzo ya waandishi. Tamasha la fasihi la NBO Litfest, linaloandaliwa na Book Bunk, limefanyika humo tangu mwaka wa 2021. Mzazi aliyekuja kusikiliza ngoma huondoka akijua kwamba mlango ule uko wazi kwa mwanawe. Hata hivyo, siku ya ngoma mtahiniwa hukosa kiti chake, na mtahiniwa ana haki ya kununa. Ratiba ya shughuli ni muhimu sawa na spika zenyewe.

Jambo jingine ni fedha. Katiba ya 2010 iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya kaunti, ambako hushindania bajeti na zahanati, maji na barabara. Mfadhili hulipia paa mara moja kwa furaha, na picha hupigwa. Balbu, mishahara ya wahudumu na vitabu vya mwaka ujao havina sherehe ya uzinduzi, na hivyo ndivyo vitakavyoamua ikiwa mtoto wa Kaloleni atakuta mlango wazi Jumatatu asubuhi.