Hesabu ya Mishahara katika Besiboli

Mwaka 2002 timu ya besiboli ya Oakland, nchini Marekani, ilitumia dola milioni 40 hivi kwa mishahara ya wachezaji. New York Yankees ilitumia zaidi ya milioni 120. Hata hivyo, kila moja ilishinda michezo 103 katika msimu wa kawaida.

Siri ilikuwa katika takwimu. Soko lilithamini mno mapigo makubwa, ilhali hesabu zilionyesha kuwa muhimu zaidi ni mpigaji kutotolewa, kwani mchezo wa kawaida huipa timu nafasi 27 tu za kutolewa. Hivyo Scott Hatteberg, mpigaji mvumilivu aliyeacha mirusho mibaya ipite na kupewa kituo cha kwanza bure, alipatikana kwa bei nafuu.

Aidha, kwa kawaida mchezaji hawezi kujichagulia timu kabla ya kutimiza miaka sita katika ligi kuu. Kwa hiyo vijana hodari, kama Barry Zito, walilipwa chini ya thamani yao. Muda huo ukiisha, bei hupanda: Jason Giambi alikwisha kuhamia Yankees, na Miguel Tejada akaondoka baada ya msimu wa 2003.

Mizani ya namna hii haidumu. Timu nyingine zilipojifunza hesabu hiyo, mpigaji mvumilivu naye akawa ghali.