Homa Imepona, Uchovu Umebaki

Tarehe 2 Mei 2024, Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, maarufu kwa kifupi NIH, ziliitisha kongamano la wazi la kueleza matokeo ya utafiti wao kuhusu ugonjwa wa uchovu sugu. Lilirushwa pia kwenye intaneti, kwa hiyo mkazi wa Njiro mwenye bando la kutosha aliweza kuwasikia watafiti wale sawa na aliyekaa ukumbini. Nalitaja kongamano hilo kwa wasomaji wa Arusha kwa sababu ugonjwa wenyewe tunao. Sisi madaktari wa magonjwa ya ndani tunakutana nao kliniki, ila huku mtaani una majina mengine: malaria isiyokwisha, taifodi sugu, presha ya kushuka, mawazo. Wengine huambiwa wamerogwa, na wengine huambiwa ni wavivu.

Tuelewane kwanza tunazungumzia uchovu gani. Fundi aliyebeba tofali kutwa nzima anachoka, na mama aliyeamka saa kumi alfajiri kwenda kuchukua mboga soko la Kilombero anachoka, lakini wakilala usiku asubuhi nguvu zao zimerudi. Mgonjwa wa uchovu sugu halali akapumzika. Mwaka 2015 Taasisi ya Tiba ya Marekani iliweka vigezo ambavyo madaktari wengi wanavifuata mpaka leo: uwezo wa mtu kufanya shughuli zake za kawaida uwe umeshuka sana kwa zaidi ya miezi 6, azidiwe kila anapojishughulisha, usingizi usimsaidie, na tena ama akili iwe nzito ama hali yake iwe mbaya zaidi anaposimama.

Hilo la kuzidiwa baada ya kujishughulisha ndilo linaloutambulisha ugonjwa huu, na ndilo linalosahaulika. Mchukulie mwalimu wa shule ya msingi ambaye kabla ya kuugua alikuwa akipanda kifodi kwenda kazini, anafundisha vipindi vyake vyote, na jioni anapika. Akaugua homa wiki mbili, ikaisha, akarudi kazini. Jumamosi anafua nguo za watoto beseni mbili na kuzianika. Siku hiyo hana neno. Jumapili mchana viungo vinaanza kuuma, koo linawasha kama mtu anayetaka kupata mafua, mwanga wa dirishani unamkera, na akisoma ujumbe kwenye simu akifika mwisho hakumbuki mwanzo. Jumatatu kusimama apige mswaki ni kazi. Alhamisi anapata nafuu, Jumamosi nguo zimejaa tena, anafua, anaanguka upya. Kwa sababu kipigo huja siku moja au mbili baada ya kazi, yeye mwenyewe hajui kwamba ni ile kazi iliyomlaza. Mumewe naye, aliyemwona Jumamosi akifua vizuri tu, hamwelewi kabisa.

Sasa turudi kwenye utafiti wa NIH. Ulianza mwaka 2016 chini ya Dk. Avindra Nath, bingwa wa mfumo wa fahamu, na ripoti yake, iliyoandikwa na Dk. Brian Walitt na wenzake, ilitoka katika jarida la Nature Communications Februari 2024. Watu 484 waliulizia nafasi. Mafaili ya 217 yakapitiwa kwa kina, 27 wakaitwa kupimwa, na mwishowe jopo la mabingwa likaridhika kwamba 17 wana ugonjwa huu bila shaka. Wote 17 walianza kuumwa baada ya maambukizi. Walilinganishwa na watu 21 wenye afya. Janga la korona lilikatiza usajili, ndiyo maana idadi ikabaki ndogo hivyo.

Idadi ndogo ni udhaifu, na waliokosoa walikuwa na hoja. Hata hivyo, ni nadra wagonjwa wa aina hii kupimwa kwa kina namna ile. Walitolewa majimaji ya uti wa mgongo, wakapigwa picha za ubongo huku wakibana kifaa kwa kiganja mara kwa mara, wakaendesha baiskeli ya maabara huku pumzi na mapigo yao yakipimwa, na chembe zao za kinga zikahesabiwa aina kwa aina.

Katika majimaji ya uti wa mgongo, kemikali za ukoo wa dopamini na noradrenalini zilikuwa chini kuliko za watu wenye afya. Hizi ndizo kemikali zinazobeba amri za mwendo, umakini na mapigo ya moyo. Kwenye jaribio la kubana kifaa, sehemu ya ubongo iliyo juu na nyuma ya sikio ilizidi kufanya kazi kwa watu wenye afya kadiri walivyoendelea kubana, ilhali kwa wagonjwa ilififia. Misuli ya mkono yenyewe haikuonyesha dalili za kuchoka. Kwenye baiskeli, moyo wa mgonjwa ulishindwa kuongeza kasi kama inavyotakiwa. Katika damu, chembe za kinga ambazo hazijawahi kukutana na adui zilikuwa nyingi, na zile zenye kumbukumbu ya adui zilikuwa chache. Dhana ya watafiti ni kwamba huenda mabaki ya maambukizi yanaendelea kuisumbua kinga, na kinga nayo inaubadilisha ubongo. Hiyo bado ni dhana. Vipimo lakini vipo, na havimsomi mtu mvivu.

Kuna jambo moja wagonjwa walilipinga kwa nguvu, nami niko upande wao. Ripoti ilieleza kwamba ubongo wa mgonjwa hupendelea juhudi ndogo. Watafiti walifafanua kuwa walimaanisha hesabu ambayo ubongo hufanya bila mtu kujua. Lakini mtu aliyekaa miaka mingi akiambiwa na ndugu na mabosi wake kwamba hataki tu kufanya kazi, anaposoma sentensi hiyo katika jarida kubwa la sayansi, anaumia. Tena utafiti ule haukuupa uzito wa kutosha ule mporomoko wa kesho yake. Watafiti wa Amsterdam waliukabili moja kwa moja: Januari 2024 walichapisha matokeo ya wagonjwa 25 wa athari za muda mrefu za korona, ambao walichukuliwa vipande vya msuli wa paja kabla ya kuendesha baiskeli na kesho yake. Baada ya zoezi, misuli ilionekana kuumia zaidi, na vinu vya nishati ndani ya chembe vilifanya kazi vibaya zaidi kuliko mwanzo.

Dharau ya kuwaona wagonjwa hawa kuwa wavivu ina historia. Mwaka 1955 karibu wafanyakazi 300 wa hospitali ya Royal Free ya London waliugua ugonjwa wa aina hii kwa mkupuo, na hospitali ikafungwa kwa miezi kadhaa. Mwaka 1970 madaktari wawili wa akili waliandika kwamba ulikuwa msisimko wa kundi tu, bila kumpima mgonjwa hata mmoja. Mwaka 2011 utafiti mkubwa wa Uingereza wenye washiriki 641 ukapendekeza mazoezi ya kuongezwa hatua kwa hatua. Wagonjwa wakalalamika kwamba mazoezi hayo yanawazidishia ugonjwa. Ilichukua miaka 10 ya malalamiko na uchambuzi upya wa takwimu, hadi Oktoba 2021 chombo cha miongozo ya tiba cha Uingereza, NICE, kikayaondoa mazoezi hayo kwenye mwongozo wake.

Kwa nini basi jambo la Marekani na London lituhusu sisi chini ya Mlima Meru? Jibu liko kwenye homa. Ugonjwa huu mara nyingi huanza na maambukizi, na ushahidi ninaouamini zaidi unatoka Dubbo, mji mdogo wa wafugaji na wakulima Australia. Watafiti waliwafuatilia watu 253 tangu siku walizougua maambukizi ya aina tatu: virusi vya Epstein-Barr, virusi vya Ross River, na homa ya Q. Ilipofika mwezi wa 6, takriban 12 katika kila 100 walikuwa bado wamelemewa na uchovu, kwa kiwango kilekile bila kujali ni kijidudu gani kilichoanzisha. Kilichotabiri nani atabaki mgonjwa ni ukali wa homa ya mwanzo. Tabia ya mtu na historia yake ya msongo wa mawazo havikutabiri. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2006.

Sasa angalia tunachougua huku. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 wa homa waliolazwa Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi. Madaktari wa wodini waliwaandikia 528 kuwa wana malaria. Maabara ilipothibitisha, wenye malaria kweli walikuwa 14. Waliobaki waliugua nini? Katika waliopimwa magonjwa ya kutoka kwa wanyama, zaidi ya robo walikuwa nayo: homa ya Q, brusela, homa ya kupe, na ile leptospirosisi ambayo Watanzania wengi waliijua mwaka 2022 kwa jina la homa ya mgunda. Wagonjwa 55 walikuwa na chikungunya, na virusi vya chikungunya ni ndugu wa karibu wa vile vya Ross River vya kule Dubbo.

Homa ya Q inastahili maneno zaidi, kwa kuwa mikoa yetu ni ya wafugaji. Bakteria wake hujaa katika kondo la nyuma na maji ya uzazi ya mbuzi, kondoo na ng'ombe. Yakikauka, bakteria hupeperuka na vumbi, na mtu huambukizwa kwa kuvuta hewa tu. Anayemzalisha mbuzi kwa mikono mitupu yuko hatarini, na anayeishi jirani na zizi pia. Uholanzi ilikumbwa na mlipuko wake kati ya 2007 na 2010 kutoka kwenye mashamba ya mbuzi wa maziwa, na zaidi ya watu 4,000 waliripotiwa kuugua. Uchovu uliwaganda wengi kwa miaka. Waholanzi wakajaribu kuwapa waliobaki na uchovu dawa ya doksisaiklini kwa wiki 24. Haikuupunguza uchovu kuliko kidonge bandia.

Hilo la mwisho ningependa lisomwe katika kila duka la dawa kuanzia Ngaramtoni hadi Usa River. Mgonjwa wa uchovu sugu hunijia na bahasha iliyojaa vyeti: kipimo cha Widal kinaonyesha taifodi, ametumia siprofloksasini, kipimo kimerudiwa, taifodi ingalipo, amechomwa sindano za siku 5, mwezi uliofuata yutiai, halafu dripu za kuongeza nguvu na vitamini. Widal inaweza kusoma taifodi kwa mtu aliyeugua zamani au aliyepata maambukizi mengine kabisa, kwa hiyo kuirudia kila mwezi hakumwambii mtu chochote. Pesa za ada ya watoto zimeishia humo, na usugu wa dawa unaongezeka.

Njia sahihi huanza kwa kuondoa magonjwa mengine yanayochosha, maana mengi yanatibika: upungufu wa damu, kifua kikuu, VVU, kisukari, tezi ya koo, figo, ini, ujauzito, na kwa mfugaji, brusela. Sonona nayo iulizwe kwa heshima. Swali linalonisaidia ni hili: ungeamka kesho umepona, ungefanya nini? Mwenye sonona nzito mara nyingi hana jibu. Mwenye uchovu sugu anaanza kutaja: ningeenda shambani, ningemalizia lile banda, ningeenda kumwona mama Karatu. Hamu anayo, mwili ndio unakataa.

Kisha kuna kipimo ambacho zahanati yoyote yenye mashine ya presha inaweza kukifanya. Mgonjwa alale dakika 10, pima presha na mapigo. Asimame akiegemea ukuta, pima kila dakika moja au mbili hadi dakika 10. Mapigo ya mtu mzima yakipanda kwa 30 au zaidi na kubaki huko bila presha kushuka, huku akijisikia kizunguzungu, umepata kitu cha kushughulikia: maji ya kutosha, chumvi kwa asiye na shinikizo la damu, soksi za kubana, na dawa kwa baadhi.

Dawa ya kuuponya ugonjwa wenyewe haipo bado. Linalosaidia wengi ni kujipimia kazi. Mgonjwa aishi kama mwenye luku yenye yuniti chache: ajue leo anazo ngapi, na asizimalize, maana huku ukizidisha unakatiwa na umeme wa keshokutwa. Yule mwalimu afue beseni moja akiwa amekaa, nusu nyingine ifuliwe Jumatano, na familia ibebe ndoo. Wapo wanaopona: katika wale 17 wa NIH, 4 walipona kabisa ndani ya miaka 4.

Kwa watafiti wetu wa KCMC, wa taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu (NIMR) na wa vyuo vya afya vya kanda hii nina ombi moja. Kila mnapoandaa utafiti wa homa, wekeni kwenye bajeti simu moja kwa kila mgonjwa ifikapo mwezi wa 6, na maswali matatu: umerudi kazini, usingizi unakupumzisha, siku inayofuata baada ya kazi inakuwaje? Na wewe msomaji ambaye mwili haujarudi tangu ulipougua, unapokwenda kwa daktari usianze na uchovu. Anza na homa: ilianza lini, ilichukua siku ngapi, ulikuwa karibu na mifugo gani, na nini kinakupata kesho yake unapofanya kazi. Andika kwenye karatasi uende nayo.