Sikio ni Mwalimu wa Kwanza wa Kusoma

Mtoto wa darasa la kwanza arudi nyumbani na kitabu chake. Baba amwita mbele ya wageni: «Haya, mwanangu, tusomee.» Mtoto afungua ukurasa na kusoma bila kukwama, kwa sauti nzuri kama ya kuimba. Wageni wapiga makofi, baba afurahi. Lakini mama aliyekaa karibu aona ya kuwa macho ya mtoto yako mlangoni, si kitabuni. Afunika ukurasa kwa kiganja, na mtoto aendelea vilevile mpaka nukta ya mwisho! Kisha mama amwonyesha neno moja la katikati. Mtoto anyamaza.

Jambo hili hutokea katika nyumba nyingi. Mtoto huyu si mwongo, wala si mjinga. Kichwa chake ni chepesi: amesikia wenzake wakiitikia somo pamoja na mwalimu, akalishika lote kwa moyo. Ila hajajua kusoma. Asipotambuliwa mapema, maneno yatakuwa mengi mno kukaa kichwani. Ndipo yataanza matusi na viboko, na mwishowe mtoto ataichukia shule. Kwa sababu hiyo twataka leo kuzungumza nanyi, wazazi na wanafunzi wakubwa, juu ya jambo dogo lililo mlango wa kusoma, yaani sauti za maneno.

Neno lina vipande

Tunaponena hatufikiri sauti, twafikiri maana. Tukisema «maji», twaona maji. Lakini anayetaka kusoma hana budi kujua ya kuwa neno hilo lina vipande viwili, ma na ji, tena kwamba kila kipande kina sauti zake. Kwetu sisi tuliokwisha kusoma, jambo hili laonekana rahisi kabisa. Je, ni rahisi kweli?

Mwaka 1979 José Morais na wenzake, wataalamu wa Brussels, walitangaza uchunguzi waliofanya Ureno kati ya watu wazima wa vijijini. Waliwaomba waondoe sauti ya kwanza ya neno, au waongeze sauti moja mbele yake. Wale wasiojua kusoma walishindwa mara nyingi. Wenzao waliojifunza kusoma ukubwani waliweza. Wote walikuwa na akili timamu, na wote walisema lugha yao vizuri. Basi ni dhahiri: sikio halizitambui sauti mojamoja kwa nguvu zake lenyewe. Yapasa lifundishwe.

Na laweza kufundishwa mapema. Mwaka 1983 Lynette Bradley na Peter Bryant, wa Oxford katika Uingereza, walieleza habari za watoto wa miaka 4 na 5 waliopewa maneno machache, wachague lile ambalo sauti yake haifanani na mengine. Waliofanya vizuri mchezo huo ndio waliokuja kusoma vizuri zaidi miaka iliyofuata. Tena wengine walizoezwa kupanga maneno kwa sauti zake, na waliozoezwa sauti pamoja na herufi ndio waliopata faida kubwa kuliko wote. Sikio na jicho hufanya kazi kama mikono miwili: mmoja peke yake hautwangi vema.

Jina la herufi si sauti yake

Hapa twakutana na kosa la zamani. Mtoto aonyeshwa M, aambiwa: «Hii ni emu.» Kisha aonyeshwa A. Aambiwa aunganishe, naye ajibu kwa haki: «Emua!» Kumbe alitakiwa kusema «ma». Amekosa nini? Ametumia alichopewa.

Kosa hili liliwasumbua walimu wa Ulaya tangu kale. Mwaka 1660 Antoine Arnauld na Claude Lancelot, wa Port-Royal katika Ufaransa, waliandika katika kitabu chao cha sarufi kwamba ni heri watoto wafundishwe herufi kwa sauti zake, wala si kwa majina yake. Baadaye bibi mganga Maria Montessori, aliyefungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini mjini Roma mwaka 1907, alitengeneza herufi za karatasi yenye kukwaruza. Mtoto alipitisha kidole juu yake huku akitamka sauti. Sisi hatuhitaji karatasi ile. Mchanga wa uani watosha.

Kiswahili cha nyumbani na Kiswahili cha kitabu

Kiswahili kina irabu tano, a, e, i, o, u, na kila moja yasomwa namna moja popote ilipo. Hiyo ni bahati kubwa. Philip Seymour wa Dundee, katika Scotland, pamoja na wenzake, walilinganisha watoto waliokuwa wakijifunza kusoma lugha 13 za Ulaya, wakatoa matokeo mwaka 2003. Mwishoni mwa mwaka wa kwanza, watoto wa Finland, ambao lugha yao huandikwa kama inavyosemwa, walisoma sawasawa maneno 98 katika mia. Wafaransa walisoma kama 79, na watoto wa Scotland wasomao Kiingereza 34 tu. Kiswahili chaandikwa karibu kama lugha ya Wafini.

Hata hivyo kuna mawe njiani. Mtoto wa Bukavu au Lubumbashi husema «mutoto», «mutu», «mukate». Kitabu chaandika mtoto, mtu, mkate. Atafuta ile u, haioni. Vilevile wengi husema «zambi» na kitabu chaandika dhambi. Husema «selasini» na kitabu chaandika thelathini. Tusimcheke, wala tusimwambie kwamba mama yake hajui kusema. Tumweleze hivi: «Nyumbani twasema mutoto, kitabuni twaandika mtoto. Fumba midomo, m isimame peke yake, kisha sema toto.» Hivyo atashika lugha ya kitabu bila kuonea haya lugha ya nyumba yake.

Kifaransa kinapoingia

Sheria ya elimu ya Kongo ya mwaka 2014 yakubali lugha za taifa zitumike katika kufundisha, pamoja na Kifaransa. Lakini herufi za Kifaransa ni zilezile, na sauti zake ni nyingine. Tazameni neno chou, yaani kabichi. Mwenye Kiswahili tu atasoma «cho-u». Mfaransa asema «shu». Herufi u katika neno rue si u yetu. U yetu wao waiandika ou. Neno eau, maana yake maji, lina herufi tatu na sauti moja tu, o. Na katika petit, ile t ya mwisho huandikwa, haisemwi.

Mtoto aliyekwisha kusoma Kiswahili kwa uthabiti ajua tayari kwamba herufi huwakilisha sauti. Atajifunza sauti mpya moja baada ya moja. Lakini yule aliyeimba tu kitabu chake ataimba na Kifaransa, na shimo litazidi kuwa refu.

Yatupasa kufanya nini?

Wazazi, hata ninyi msiojua kusoma mwaweza kusaidia, kwa maana kazi hii yaanza masikioni. Robo saa ya jioni yatosha.

Semeni maneno manne, kwa mfano moto, maji, paka, mama, na kuuliza: «Lipi limepotea njia?» Mtoto ajibu: «Paka, halianzi na mmm.» Pigeni makofi pamoja kwa vipande vya neno: ki-ta-bu, makofi matatu. Mwandikisheni herufi mchangani kwa kidole, akitamka sauti yake. Anaposoma, aweke kidole chini ya neno. Kisha mwonyesheni maneno huku na huku, au asome mstari kutoka mwisho kurudi mwanzo. Hapo kusoma na kuimba vitatengana.

Tena jambo moja la lazima: mtoto asiyeitika akiitwa kwa nyuma, au mwenye kutoka usaha masikioni, apelekwe zahanati kabla ya kuitwa mvivu. Atatenganishaje sauti asizozisikia?

Haba na haba hujaza kibaba. Mtoto yule aliyenyamaza mbele ya neno moja hakuaibisha nyumba yake. Alimwonyesha mama mahali pa kuanzia. Jioni hii mwiteni mtoto wenu, funikeni ukurasa kwa kiganja, mwonyesheni neno moja tu. Akinyamaza, msikasirike. Ketini naye, mwanze pamoja: ma… ji.