Je, Wajua? Paka CC, Wale James Wawili na Wewe

Hebu tazama ncha ya kidole gumba chako. Mistari ile ilikamilika kuchorwa ukiwa bado tumboni, mimba ikiwa ya miezi mitano hivi, na utazikwa nayo. Hata mapacha wa yai moja hawana alama sawa! Kila mmoja alijigeuza na kubanwa kivyake humo ndani, na hilo tu lilitosha.

Je, wajua kwamba koala wa Australia, yule mnyama anayeshinda mtini akila majani na kulala, ana alama za vidole zinazofanana mno na zetu? Hata kwa hadubini ni kazi kuzitofautisha. Bahati nzuri si mwizi.

Sasa kaa vizuri. Mwaka 1939, Ohio nchini Marekani, mapacha wawili wa kiume walitenganishwa wakiwa na wiki chache tu na kulelewa na familia mbili tofauti. Walikutana tena mwaka 1979, wana miaka 39. Wote wawili walikuwa wamepewa jina la James. Wote walioa mwanamke aitwaye Linda, wakaachana naye, wakaoa mwanamke aitwaye Betty. Mmoja alimwita mwanawe James Alan, mwingine James Allan. Na utotoni kila mmoja alifuga mbwa aitwaye Toy! Mimi Linda na Betty nawaweka kwenye bahati, maana Marekani ya enzi hizo walijaa kila mtaa. Lakini mbwa?

Usikimbilie kusema damu ndiyo kila kitu. Mwaka 2001, huko Texas, wanasayansi walitengeneza paka kutokana na seli ya paka mwingine, nakala kamili ya vinasaba. Paka wa asili alikuwa na mabaka ya rangi tatu. Nakala yake, CC, akatoka na kijivu na nyeupe, rangi ya chungwa hakuna!

Malkia wa nyuki na kibarua wake wangeweza kubadilishana nafasi. Mabuu ni yale yale, vinasaba vile vile, tofauti ni chakula na malezi. Buu linaloendelea kulishwa ute mweupe wa nyuki walezi huwa malkia, hutaga hata mayai 1,500 kwa siku na kuishi miaka kadhaa. Lililokatiziwa ute huo likapewa asali na chavua huwa kibarua, na msimu wa kazi humaliza maisha ndani ya wiki sita hivi.

Kasa je? Yeye huamuliwa na mchanga. Kiota kikiwa na joto zaidi watoto huwa majike, kikiwa baridi huwa madume. Kaskazini mwa matumbawe makubwa ya Australia, watafiti waliripoti mwaka 2018 kuwa zaidi ya asilimia 99 ya kasa wachanga waliowapima walikuwa majike. Madume watatafutwa kwa tochi!

Ziwa Tanganyika lina samaki mdogo ambaye dume mnyonge huwa na rangi iliyofifia, kajificha pembeni. Mwondolee mbabe wake tu. Ndani ya dakika chache mnyonge anawaka rangi, anatunisha mapezi na kufukuza wenzake. Wewe umewahi kuona naibu siku bosi anaposafiri?

Na huo mwili unaouita wako? Chembe nyekundu za damu yako huishi siku 120 hivi, kisha nyingine hushika zamu. Kiini cha lenzi ya jicho lako, hata hivyo, hakijabadilishwa tangu kabla hujazaliwa. Unausoma mstari huu kwa kitu kilichozizidi umri kumbukumbu zako zote!

Mama, hii ni yako. Mtoto akiwa tumboni, baadhi ya seli zake huvuka na kuingia kwenye damu ya mama, na nyingine hazitoki. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani waliripoti kukuta seli za mtoto wa kiume katika damu ya mwanamke aliyebeba mimba hiyo miaka 27 nyuma. Kijana ana ndevu, pengine ana mke, na bado yumo!

Je, wajua kwamba kilio nacho kina lafudhi? Mwaka 2009 vilirekodiwa vilio vya watoto 60 wenye umri wa siku chache, nusu wa Kifaransa, nusu wa Kijerumani. Wafaransa walilia kwa sauti ya kupanda, Wajerumani kwa sauti ya kushuka, kama wazazi wao wanavyoongea. Masomo yalianzia tumboni.

Lafudhi hupotea pia. Norway, mwaka 1941, kipande cha bomu kilimjeruhi mwanamke mmoja kichwani. Alipopona, Kinorwe chake kikawa na lafudhi ya Kijerumani, na nchi yenyewe iko mikononi mwa Wajerumani! Madukani wakawa hawamuuzii kitu.

Majina nayo hubadilika. Mtoto aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, mvua ikinyesha, aliitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Jina la Julius alikuja kulipata kwenye ubatizo akiwa na miaka 21; ndiye Mwalimu Nyerere. Na Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, mwaka 1946? Dunia ilimpigia makofi kama Freddie Mercury.

Lakini kwa kugeuka, mshindi wangu ni Bibi Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa jumba la Mtoni, Zanzibar, mwaka 1844. Alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Akapendana na mfanyabiashara Mjerumani, akatoroka mwaka 1866 akiwa mjamzito. Mwaka uliofuata, mjini Aden, alibatizwa na kuolewa siku moja, akawa Emily Ruete wa Hamburg. Mwaka 1886 akachapisha kitabu cha maisha yake, kwa Kijerumani!

Tembo wana majina. Ndiyo, majina! Watafiti walichambua miito 469 ya tembo wa Amboseli na Samburu, Kenya, na mwaka 2024 wakatangaza kuwa tembo humwita mwenzao kwa mlio wake maalumu. Aliyechezewa mlio uliomlenga yeye alisogelea spika haraka zaidi.

Mtie mtoto doa usoni, mweke mbele ya kioo. Akiligusa doa, wanasayansi husema amejitambua. Nchini Kenya, watoto 82 walijaribiwa, wakafaulu wawili tu! Wengine walisimama wakajitazama, kimya. Na samaki msafishaji wa kwenye matumbawe, mdogo kama kidole? Mwaka 2019 iliripotiwa kuwa amefaulu. Mimi naulaumu mtihani. Mtoto aliyefundwa kutulia mbele ya wageni ataanzaje kujipapasa uso?

La mwisho. Jane Goodall, aliyeanza kuwachunguza sokwe wa Gombe mwaka 1960 na kuwapa majina mmoja mmoja, alikuwa na shida ya kutambua nyuso, za watu na hata za sokwe! Hali hiyo inakadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 50. Kwa hiyo yule jirani aliyekupita juzi bila salamu, nawe ukanuna wiki nzima, msalimie wewe kwanza, na umtajie jina.